Meza zinapasuka, majeneza yanasubiri: jibu kwa kikundi cha maseremala

Swali: Sisi ni kikundi cha maseremala tunaotumia karakana moja ya jumuiya. Miaka yote tumetengeneza meza, viti, vitanda na kabati. Sasa tumeanza kuombwa majeneza, na tumegawanyika. Mzee wetu mmoja anasema jeneza lijengwe kama sanduku la nguo, kona zake zichongwe meno yanayoshikana. Mwenzake anasema kitu kinachokwenda ardhini hakihitaji zaidi ya misumari. Tena tuna aibu nyingine: baadhi ya meza zetu zinapasuka katikati miezi michache baada ya kukabidhiwa, ingawa gundi tunayotumia ni nzuri. Je, mbao ya meza inafaa pia kwa jeneza? Na kuna la kuangalia kabla ya kuanza kuuza?

Jibu: Ndugu zangu, kwa heshima zote kwa wazee wenu, kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Meza inasumbuliwa na unyevu unaoingia na kutoka ndani ya mbao kwa miaka mingi. Jeneza linasumbuliwa na uzito, tena kwa saa chache tu. Mnajenga vyote viwili kwa mazoea yale yale, ndiyo maana meza zinapasuka, na ndiyo maana naogopa majeneza yenu yatakuwa na nguvu kwenye kona na udhaifu kwenye kitako.

Nianze na meza, kwa sababu kasoro hiyo hiyo itawafuata hadi kwenye kabati na milango.

Ubao hunyonya na kutoa unyevu maisha yake yote, hata ukiwa umepakwa vanishi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi unavimba, ikikauka unasinyaa. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, mabadiliko ni madogo mno, mtaweza kuyapuuza. Kwa upana ndiko kwenye shughuli. Tazameni kichwa cha ubao mahali msumeno ulipokatia. Kama pete za mti zimelala, sambamba na uso wa ubao, ubao huo utasinyaa kwa upana takriban mara mbili ya ule ambao pete zake zimesimama wima. Mbao nyingi zinazouzwa zina pete zilizolala au zilizoinama kidogo, maana gogo likipasuliwa moja kwa moja upande hadi upande ndizo zinazopatikana kwa wingi.

Kwa kukadiria tu, ubao wa pete zilizolala hubadilika upana kwa karibu robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka au kupungua. Chukueni uso wa meza wenye upana wa mita 1. Mmeuunga ukiwa na unyevu wa asilimia 16. Mteja akauweka kwenye chumba kikavu, ukashuka hadi asilimia 10. Tofauti ni asilimia 6, na kila moja inakula robo, kwa hiyo uso huo umesinyaa asilimia 1.5, sawa na milimita 15. Sentimita moja na nusu! Hakuna msumari wala gundi itakayozuia nguvu hiyo. Kama mmeubana uso kwenye fremu pande zote, mbao itajitafutia pa kupasukia, na kwa kawaida ni katikati, pembeni kidogo tu ya kiungo cha gundi. Gundi yenu haina kosa hata kidogo. Kiungo kizuri cha ubavu kwa ubavu kina nguvu kuliko mbao yenyewe, kwa hiyo ufa unakikwepa.

Mahali ufa ulipo panasema mengi. Ufa ulioanzia kichwani mwa ubao na kwenda ndani sentimita kadhaa unatokana na ukaushaji mbaya, maana vichwa vya mbao hupoteza maji haraka kuliko uso wake, vikasinyaa wakati sehemu za ndani bado zimevimba. Ufa wa katikati unaofuata nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo unatokana na kubanwa. Na uso ambao haukupasuka bali umejikunja kama bakuli, mara nyingi umepakwa vanishi juu tu, chini ukaachwa mtupu, upande mmoja ukawa unapumua na mwingine umezibwa. Pakeni pande zote mbili idadi ile ile ya mikono, yaani tabaka za vanishi, hata ule ambao hakuna atakayeuona.

Dawa ya kubanwa ni kuruhusu uso usogee. Acheni kabisa kugundisha uso wa meza kwenye fremu. Chongeni mfereji mwembamba upande wa ndani wa mbao za fremu, kisha tengenezeni vipande vidogo vya mbao ngumu vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji huo. Kipande kinafungwa kwa skrubu kwenye uso wa meza kutoka chini, ulimi unashika fremu, na uso unapovimba au kusinyaa ulimi unateleza ndani ya mfereji. Kwenye fremu zinazokwenda sambamba na nyuzi, acheni nafasi ya milimita kadhaa kati ya kipande na fremu. Mkiona kazi hiyo ni ndefu, tobolea fremu matundu marefu badala ya ya mviringo, marefu kuelekea upande ambao mbao husogea, mtie skrubu yenye washa, kile kibati cha mviringo chenye tundu kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu. Skrubu moja ya katikati ikae imara ili meza isihame yote upande mmoja. Taruma, yaani mbao nyembamba za kukingama mnazopigilia chini ya uso ili usijikunje, nazo ni hivyo hivyo: skrubu katikati iwe imara, za pembeni ziwe kwenye matundu marefu, na gundi isitumike.

Mpaka hapo nimesema kana kwamba mbao imekauka. Wengi hupima kwa kugusa au kwa kugonga na kusikiliza. Siwadharau wanaofanya hivyo, lakini kuna njia isiyogharimu chochote. Kateni kipande kutoka ndani ya ubao, si kichwani. Kipimeni uzito, kisha kiwekeni kwenye oveni yenye joto lililozidi kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, mkipime tena na tena hadi uzito uache kushuka. Toeni uzito wa mwisho kwenye uzito wa mwanzo, gawanyeni jibu kwa uzito wa mwisho, zidisheni kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 230 kikaishia gramu 200 kina unyevu wa asilimia 15. Kwa samani za ndani lengo ni mbao iwe na unyevu unaokaribiana na wa chumba itakamoishi, na kwa sehemu nyingi hilo ni kati ya asilimia 8 na 14. Bila oveni, pimeni ubao mmoja mzima kila wiki. Uzito ukisimama kwa wiki kadhaa mfululizo, hewa ya hapo imemaliza kazi yake.

Kupanga mbao za kukauka mnakujua, niongeze mawili tu. Vijiti vya kutenganisha vikae juu ya vingine, mstari mmoja wima kutoka chini hadi juu ya rundo, umbali wa nusu mita hivi kati ya mstari na mstari. Vikienda zigizaga, mbao zinakauka zikiwa zimepinda na hazitanyooka tena. Na pakeni rangi nzito au nta kwenye vichwa siku ile ile gogo linapopasuliwa. Ukisubiri nyufa zionekane umechelewa.

Sasa jeneza.

Fuateni uzito unakopita. Mwili umelala juu ya kitako. Kitako kimeshikwa na mbao za ubavu. Ubavu umeshikwa na vishikio, na vishikio vimo mikononi mwa watu. Kila mahali uzito unapovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine ndipo jeneza linapoweza kuvunjika. Hesabuni mahali hapo: kitako na ubavu, ubavu na kishikio. Viwili tu. Kona, ambazo mzee wenu wa kwanza anataka kuzichonga meno, karibu hazibebi kitu. Kazi yake ni kuzuia ubavu usifunguke, na kitako pamoja na kifuniko vinasaidia kazi hiyo vikishafungwa. Meno kwenye kona ni mapambo ya kupendeza, na familia ikiyataka na muda upo, wapeni. Lakini seremala aliyetumia siku mbili kwenye kona kisha akapigilia kitako kwa misumari kutoka chini ametengeneza kitu cha hatari.

Na hapa ndipo mzee wa pili anapokosea. Ni kweli kwamba uimara wa miaka mia hauhitajiki. Lakini msumari uliopigwa kutoka chini kupitia kitako kwenda juu kwenye ubavu unavutwa kwa urefu wake kila jeneza linapoinuliwa, kama kisu kinavyochomolewa alani. Msumari ni dhaifu sana kwa mvuto wa namna hiyo, na ni dhaifu zaidi ukiwa umeingia kichwani mwa ubao ambako nyuzi zinaachana tu. Msumari ule ule, au afadhali skrubu, ukiingia kutoka nje ya ubavu kwenda kwenye ukingo wa kitako, uzito unaukandamiza kwa upande, na hapo unabeba mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kitako kisikae chini ya ubavu. Kikae ndani yake.

Mimi hupendelea njia hii: ndani ya kila ubavu, chini, fungeni mwamba wa mbao wa milimita 25 kwa 25 kwa gundi na skrubu, urefu wote. Kitako kinakaa juu ya mwamba huo, kisha skrubu zinaingia kutoka nje ya ubavu. Sasa kitako kina vitu viwili vya kukishika, na hata skrubu zikilegea bado kimelala juu ya mwamba. Chini ya kitako wekeni taruma tatu au nne zinazokingama upana, moja chini ya mabega, moja chini ya nyonga, nyingine kuelekea miguuni. Nyonga na mabega ndiko mwili unakokusanya uzito wake mwingi. Taruma hizo pia zinainua jeneza kutoka chini, watu wakapata pa kupitisha mikanda au kamba wakati wa kuteremsha.

Plaiwudi ni nzuri mno kwa kitako. Haipasuki kwa sababu tabaka zake zinakingamana, ni nyepesi, na milimita 12 yenye taruma inatosha. Kuna watu huona plaiwudi ni kumvunjia marehemu heshima. Billy Graham, mhubiri wa Marekani aliyefariki mwaka 2018, alizikwa katika jeneza la plaiwudi lililotengenezwa na wafungwa wa gereza kuu la Louisiana, tena liliagizwa na mwanawe Franklin wakati mhubiri huyo akiwa bado hai. Maseremala wa Misri ya kale nao hawakuwa na mbao kubwa. Mierezi iliagizwa kutoka Lebanoni kwa wenye uwezo, na majeneza mengi yalikuwa ya mkuyu na mgunga, vipande vifupi vilivyoungwa kwa vijiti, mapengo yakazibwa kwa plasta na juu yake rangi. Jeneza la vipande vilivyoungwa vizuri halina aibu yoyote.

Vishikio vina kanuni yake. Skrubu za kishikio zisiishie kwenye ubao wa ubavu wenye unene wa milimita 18 au 20. Tumieni bolti inayopita hadi ndani, na ndani wekeni kipande cha mbao au washa pana chini ya nati, ili nguvu isambae. Kamba nene nayo ni kishikio kizuri sana: matundu mawili kwenye ubavu, kamba inapita, fundo kubwa linabaki ndani. Matundu yawe chini kidogo ya nusu ya kimo cha ubavu lakini yasikaribie ukingo wa chini, na yasiwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi na ufa wowote au jicho la mbao.

Uzito wenyewe ni kiasi gani? Jeneza la mtu mzima linakula takriban mita za mraba 3.8 za mbao. Kwa unene wa milimita 20 hizo ni mita za ujazo 0.076. Msonobari mkavu una uzito wa kama kilo 500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo jeneza tupu ni kilo 38. Mbao ngumu ya kilo 800 kwa mita ya ujazo itawapa kilo 61. Mtu wa kilo 85 ndani ya msonobari anafanya jumla ya kilo 123, ambazo wabebaji sita wanagawana kama kilo 20 kila mmoja, kama wangegawana sawa. Hawagawani sawa. Kwenye ngazi au kwenye mteremko wawili wanaweza kujikuta na zaidi ya nusu. Kwa hiyo kila muundo mpya mnaoubuni ujaribiwe kabla ya kuuzwa: jazeni mifuko ya mchanga yenye jumla ya kilo 150, inueni kwa vishikio vyote, kisha kwa vinne tu, kisha inamisheni upande wa miguu. Sikilizeni. Mlio wowote wa mbao, fungueni mtazame.

Hapo ndipo swali la mbao linapojibika. Mbao mnayoitumia kwa meza inafaa kwa jeneza, ila nzito ya kifahari si lazima iwe bora, kwa sababu kilo zake zinabebwa na mabega ya watu. Mimi ningeweka mtiki na mvule kwenye samani, ambako uzuri na ukinzani wake kwa wadudu vitaonekana miaka hamsini, na kutumia msonobari au mbao nyingine nyepesi kwa jeneza. Mabaki ya mtiki yatoshe kwa vishikio au nembo ya kifuniko. Kuhusu ukavu, jeneza linasamehe zaidi kuliko meza, lakini si kila kitu. Ubao mbichi wenye unyevu wa asilimia 60 una uzito zaidi ya theluthi moja kuliko ule wa asilimia 12, kwa hiyo kilo zenu 38 zinakuwa 54. Gundi nyeupe ya maji haishiki vizuri kwenye mbao mbichi, vanishi inatoa malengelenge, na ukungu unaota ndani ya siku chache. Chini ya asilimia 20 kuvu wa kuozesha hawaendelei, kwa hiyo asilimia 18 ni kikomo kinachotosha kwa jeneza la kutumika karibuni.

Msitumie mbao iliyotiwa dawa ya kijani ya nguzo na uzio, ile yenye krome, shaba na aseniki. Haifai kwa meza ya chakula, na haifai kabisa kwa jeneza la kuchomwa, maana aseniki inatoka na moshi. Hata mabaki yake msiyachome jikoni wala kwenye jiko la karakana.

Vipimo ndivyo vinavyoaibisha watu. Pimeni mwili ukiwa umelala, kwa sababu miguu ikilala vidole hunyooka mbele na urefu huzidi ule aliopimwa mtu akiwa amesimama. Ongezeni sentimita 5 hadi 8 juu ya hapo. Upana msiupime mabegani tu. Mikono ikiwa imekunjwa juu ya tumbo, sehemu pana zaidi ni viwiko. Watu wazima wengi huingia kwenye upana wa ndani wa sentimita 55 hadi 60, na kina cha ndani cha sentimita 35 kinatosha wengi, lakini mtu mnene hupimwa kwa namba zake, hakadiriwi. Mkishapata vipimo vya ndani, andikeni vipimo vya nje, vishikio vikiwemo, mkawape wanaochimba kaburi na mwenye gari. Mlango wa nyumba nao upimwe. Hakuna fundisho baya kama jeneza linaloinamishwa ubavu ili lipite mlangoni.

Kama mnachonga lenye pande sita, msikisie pembe. Tuseme ndani ni sentimita 190 kwa urefu, kichwani 35, mabegani 58, miguuni 30, na mabega yako sentimita 57 kutoka kichwani. Ubavu unatoka nje kwa digrii 11 na kidogo kutoka kichwani hadi mabegani, kisha unarudi ndani kwa digrii 6 hadi miguuni. Begani basi mnahitaji kona ya digrii 17 na nusu hivi. Mnaweza kukata vipande viwili, kila kimoja kikikatwa kwa nusu ya hapo, yaani digrii karibu 9, mkaviunga na kuweka kipande cha kuimarisha ndani.

Njia ya mafundi wa zamani ni tamu zaidi, na naipenda kuiona: ubavu unabaki ubao mmoja, unakatwa mikato kadhaa ya msumeno upande wa ndani pale begani, yanamwagwa maji ya moto, kisha ubao unakunjwa hadi mikato ijifunge. Idadi ya mikato inapigiwa hesabu. Ubao wa milimita 20 mkiuacha na milimita 3 za nje, mkato una kina cha milimita 17. Msumeno unaokula milimita 1.5 unawapa digrii 5 kwa kila mkato, kwa hiyo mikato minne inatosha, ikiachana kwa milimita 12 hivi. Tieni gundi ndani ya mikato kabla ya kukunja, na msiweke kishikio hapo, maana zile milimita 3 ni ngozi tu. Mbao ya nyuzi zilizonyooka, isiyo na majicho, ndiyo inayokubali. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Ndani, chini ya kitambaa, pakeni nta au weka tabaka la kuzuia maji kwenye kitako na sentimita chache za ubavu, kisha tandikeni maranda makavu. Maranda yanafyonza, hayana gharama, na yakijazwa kwenye kitambaa yanafanya godoro na mto. Kifuniko kifungwe kwa skrubu chache zilizotobolewa mapema, zinazoingia kwa mkono. Kugonga nyundo juu ya jeneza mbele ya wafiwa ni jambo linaloepukika kwa dakika kumi za kazi ya karakana.

Kabla ya kupaka chochote, ulizeni litazikwa au litachomwa. Tanuri nyingi hukataa au hutaka viondolewe vishikio vya chuma, plastiki ngumu na vanishi nzito. Baadhi ya makaburi yanayotunza udongo yanadai mbao tupu, vijiti badala ya misumari, na kitambaa cha pamba. Kwa jeneza la aina hiyo kishikio cha kamba ya katani, vijiti vya mbao na mkono mmoja wa nta ya nyuki vinamaliza kazi. Vanishi ya kawaida pia ina ugumu wa muda: inanuka siku kadhaa, na familia haina siku kadhaa. Shelaki, ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, inakauka upesi zaidi. Mkitumia mafuta ya kitani, matambara yake yatandazwe yakauke nje au yalowekwe majini. Yakirundikwa yanapata joto yenyewe na kuwaka, na karakana nyingi zimeungua hivyo usiku, hakuna mtu. Na vaeni barakoa mnapopiga msasa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, na pua ndiyo inayoathirika.

Kuhusu kuuza, ulizeni kwanza mamlaka ya mahali mlipo, kwa maandishi. Watawa wa abasia ya Saint Joseph huko Louisiana, Marekani, walianza kuuza majeneza ya mbao waliyotengeneza wenyewe, wakaambiwa sheria ya jimbo inaruhusu wenye leseni ya kuendesha mazishi peke yao. Walifungua kesi mwaka 2010, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa haki. Walishinda, ndiyo, lakini miaka mitatu mahakamani si mtaji wa kikundi kidogo. Kuna pia mfano wa namna nyingine: huko Rotorua, New Zealand, Katie Williams, aliyekuwa muuguzi wa wagonjwa wanaokaribia mwisho, alianzisha mwaka 2010 klabu ambamo watu hukutana kutengeneza majeneza yao wenyewe wakiwa wazima. Mtindo huo umesambaa nchi nyingine. Kikundi chenye karakana na vifaa kinaweza kufundisha badala ya kuuza tu.

Lakini angalieni: jeneza linalotengenezwa mapema na kuwekwa chumbani miaka kumi, pengine likiwa limesimamishwa na kutiwa rafu za vitabu, si jeneza tena kwa upande wa mbao. Ni samani. Hapo yale ya meza yanarudi yote. Mbao iwe kavu ya kiwango cha samani, kifuniko kipana kisigundishwe taruma zake, kitako cha mbao nzima kiachiwe nafasi ya milimita chache kila upande au kiwe cha plaiwudi, na vanishi ipakwe ndani na nje. Bolti za vishikio zikazwe upya kabla ya siku ya kutumika, kwa sababu mbao iliyosinyaa huacha nati ikining'inia.

Kwa majeneza ya dharura ningewashauri msirundike yaliyokamilika. Yanakula nafasi, na lile mnalolihitaji huwa halina kipimo sahihi. Kateni na kupiga randa mbao za ubavu, taruma na vishikio, mzifunge kwa seti za vipimo vitatu, mziweke zimelala juu ya vijiti kama mbao nyingine. Vitako na vifuniko kateni baada ya kupata vipimo. Watu wawili wenye mbao zilizoandaliwa wanamaliza jeneza ndani ya siku moja ya kazi bila haraka ya kutia makosa, nanyi wengine mkabaki kwenye zile meza, mkizitoa nyuso zilizogundishwa na kuzifunga upya.